Mishono kwa Nje

Tshibola alimjua kwa vazi lake kabla ya kitu kingine: muuguzi wa wodi ya wazazi pale Dilala huvaa koti lake jeupe likiwa limegeuzwa ndani nje, na vijana wa pikipiki humcheka, "Mama, unageuza nguo!" Yeye huwapungia mkono tu. Kucha amezikata fupi, pete huiacha nyumbani, viganja vinang'aa mafuta. Mtoto wa Tshibola alizaliwa na ngozi inayotoka malengelenge hata ikikwaruzwa na uzi wa mshono, kwa hiyo muuguzi hamshiki makwapani. Humpitishia viganja chini, kama achotaye maji. "Polepole, tata," humnong'oneza, akimwita baba. Hajawahi kupaza sauti wodini.

Leo alipaza. Mume wa Tshibola, mchimbaji wa mgodi wa Mutoshi, aliyekuwa akimtazama mwanawe kwa mbali tangu azaliwe, aliingia moja kwa moja mpaka kitandani. Muuguzi alimtazama kifuani, akapiga kigelegele, na wodi nzima ikaamka kwa vilio vya watoto. Shati la Jumapili la yule baba lilikuwa limegeuzwa, mishono yote nje.

"Mama, nilinawa mikono," alisema, akiinyoosha. "Munipe mutoto yangu."