Siku Niliyomsingizia Shangazi Uzito

Jamani, hili sijawahi kulisimulia lote, maana kila nikifika katikati naona aibu nageuza maneno, ila leo nalitoa lilivyo, mnicheke mmalize.

Mnajua nauza vipuri hapa Same. Kuuza vipuri si ufundi (hilo nalijua sasa), lakini siku zile mtu akiniita fundi sikuwa nakataa. Basi ikafika siku ya wakwe zangu watarajiwa kushuka kutoka Mhezi, kule milimani, kwenda kwetu Hedaru, wapaone nyumbani kabla ya kutoa jibu la posa yangu. Walikuja watatu: Namsifu mwenyewe, binti niliyemposa, baba yake, na shangazi yake, dada mkubwa wa baba, mama mnene na mpole aliyevaa kitenge kipya, na kwao asipokubali shangazi hakuna binti anayetoka. Nikajitolea kuwafuata na gari langu, Noah, wamwone mkwe wao akiwa kwenye usukani.

Ule mteremko nilishuka kwa breki tu, kona baada ya kona, mguu haubanduki kwenye pedeli. Baba mkwe akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo gia huwezi kuipunguza ikatusaidia?"

"Usijali, baba," nikamjibu, "magari ya siku hizi hayana shida hiyo."

Haikuchukua muda tukaanza kusikia harufu ya kuungua. Tulipofika kwenye kijito kinachokatiza barabara nikasimama, nikatoa ndoo, nikayamwagia magurudumu ya mbele maji ya baridi ya mlimani, pshaaa, mvuke ukapanda hadi kwenye vioo, na mimi nikarudi ndani nikijifuta mikono kama mtu aliyemaliza kazi kubwa. Laiti ningekaa dakika ishirini tu tukapiga soga, gari likapoa lenyewe, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Tulipoingia lami, nikikanyaga breki usukani unacheza mikononi na viti vinatetemeka. Nikasema ni nati za magurudumu zimelegea. Nikawashusha wazee juani, na suti yangu nikapiga magoti kukaza nati ambazo hazikulegea hata moja. Tukaondoka, hali ileile. Hapo ndipo ningesema "sijui", neno fupi tu, lakini Namsifu alikuwa ananiangalia na baba mkwe ananiangalia, mdomo ukafunguka wenyewe: "Gari limeelemea upande mmoja. Shangazi, samahani, hebu hamia kulia, uzito ndio unaotusumbua."

Shangazi akahama polepole, amekumbatia mkoba wake. Nikakanyaga breki, likatetemeka vilevile, na mimi (Mungu anisamehe) nikamwomba tena akae katikati.

Hedaru ilikuwa siku ya gulio. Kufika kwenye tuta la kwanza nikashika breki, gari likatetemeka mpaka wauza vitunguu wakageuka, nikaliingiza kwenye gereji ya fundi mmoja mteja wangu. Watu wakasogea. Fundi akawaamkia wazee shikamoo, akaniuliza tatizo, na mimi mbele ya umati ule nikarudia uongo wangu, kwamba nadhani ni uzito wa nyuma.

Fundi akacheka. "Bosi, hata ungepakia ng'ombe wawili lisingetetemeka hivi!"

Watu wakaangua kicheko, wakamtazama shangazi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Fundi akapiga jeki, akazungusha gurudumu kwa mkono, likawa linakwaruza, linaachia, linakwaruza. "Likitetemeka ukishika breki tu, angalia diski za breki," akasema. "Hizi zimepinda. Zilipata moto sana zikamwagiwa maji. Nani kafanya hivi?"

"Ni yeye," akasema shangazi. Akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani kwetu kwa miguu, baba mkwe nyuma yake. Namsifu akaniambia, "Umeona sasa?" akawafuata.

Walikaribishwa, wakala, wakanywa chai. Baba yangu alipoomba neno, baba mkwe akasema dada yake ndiye atakayesema.

"Kijana anafanya kazi," shangazi akasema, wala hakupandisha sauti. "Nyumba tumeiona, wazazi wake ni watu. Ila akikosea anatafuta mtu wa kumtwisha. Leo ni mimi. Binti yetu akiingia humu, kila kitakachoharibika kitakuwa kosa la nani?"

Baba yangu akanigeukia, hakuelewa. Nikapiga magoti kwa mara ya pili siku ile, nikaeleza yote, breki, ndoo, nati, viti, na kila nilichokitaja nilikiona kidogo na cha kijinga. Nikamwomba radhi.

"Nimesikia," shangazi akasema. "Jibu tutalileta."

Wakarudi kwa basi.

Diski zilichongwa siku moja tu, gari likawa linasimama kama limeshikwa na mkono. Jibu la Mhezi lilichukua miezi minne, na miezi yote hiyo nilikuwa nalala nikiwaza swali la shangazi. Walikubali mwishowe, Namsifu ni mke wangu. Na kwangu kitu kikiharibika, hata kikombe, ninasema ni mimi kabla hajauliza mtu, hata siku ambazo si mimi.