Mama wa Maswali

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, hedimasta wa shule yetu ya Dagoretti alituuliza sisi wazazi kwa nini watoto wanaanguka mtihani. Miaka yote tulikuwa tukiitwa kubeba mawe ya kujengea tu.

"Yule mama wa maswali aje mbele," akasema akicheka. "Nilizoea kumwambia, 'Mama, beba mawe, masomo tuachie sisi.' Leo aseme."

Wazazi wakainamisha vichwa. Nikasimama, kofia mkononi.

"Mwalimu, mke wangu tulimzika nyumbani Bunyore, Jumanne."

Akaketi. "Pole, mzee. Basi uliza wewe."

Nikauliza swali la marehemu mke wangu: mbona mtoto wa darasa la nne hawezi kumsomea nyanya yake barua?

Shule imeanza kusikiliza. Imechelewa siku chache tu.

Ee Bwana, umpumzishe, na huko aliko asiwepo wa kumnyamazisha.