Muwa wa Siku ya Sabato

Enzi zetu kule Awendo, Ijumaa haikuwa siku ya kucheza. Ilikuwa siku ya maandalio, na sisi watoto wa Kisabato tuliijua kwa miguu: mtoni mara nne kuchota maji, kuni zipasuliwe, viatu vipakwe kiwi, na sufuria kubwa ya nyoyo, mahindi na maharagwe, iive kabla jua halijatua. Jua likishazama, moto haukokwi, nguo hazifuliwi, na ulichosahau kilikungoja hadi kesho jioni. Vijana wa leo, wanaokosa raha simu ikiishiwa chaji, wangeiweza kweli?

Watoto wa jirani zetu Wakatoliki walikuwa huru Jumamosi. Trekta za miwa zikipita kuelekea kiwandani, walizikimbilia na kuchomoa muwa nyuma ya trela, huku sisi tumesimama kando na vitabu vya nyimbo tukimeza mate. Jumapili ilikuwa zamu yetu kuwapungia mkono kutoka shambani, lakini nani humwonea wivu mwenye jembe? Siku moja, nikiwa na miaka tisa, tamaa ilinishinda. Tulipotoka kanisani nilibaki nyuma, nikakimbia, nikachomoa. Niliutafuna nyuma ya ua wa makonge, nikayafukia maganda. Nikiri tu: sijawahi kula muwa mtamu kama ule.

Jumatatu ndugu yangu Omondi, aliyekuwa na miaka minne, aliamka mwili unachoma. Hospitalini walisema malaria, wakampa dawa, tukarudi naye nyumbani. Homa ilishuka, ikapanda tena. Mtoto aliyezoea kunifuata hata chooni sasa alilala mkekani akinitazama tu.

Kisha wakaja wageni. Wanawake wa kanisa waliomba vizuri, lakini nje, wakivaa viatu, mmoja alimwambia mama, akimwita kwa jina langu, "Min Akinyi, chunguza hii boma. Mungu hawezi gonga mlango bure." Nyanya yetu, ambaye kanisa lilimwingia uzeeni, hakuficha neno: "Hii ni chira. Kuna mtu amevunja mwiko, na mtoto ndiye analipa." Chira tuliijua sote, humkausha mtu kwa kosa la wa nyumbani kwake, na dawa ya hospitali haiioni. Kichwani mwangu mambo hayo mawili yakawa moja. Sabato ni mwiko, mimi nimeuvunja, na Omondi anakauka.

Chakula kilinishinda. Kila alipokohoa nilishtuka. Nilifukua yale maganda nikayatupa mtoni, nikamwahidi Mungu sitagusa sukari maisha yangu yote, hata kwenye uji. Homa haikusikia. Jumatano mchana nilimkuta mama jikoni akipepeta mahindi, nikamweleza yote. "Mimi ndiye naua Omondi," nikamaliza.

Mama aliweka ungo chini. Nilijua ni kichapo. Badala yake alinivuta kwake, na nikaona analia.

"Ukinikosea wewe, mimi huwa nachapa Omondi?"

"Hapana."

"Na mimi ni mtu tu, tena wa hasira. Sasa Mungu atakuwa mbaya kunishinda?"

"Kwa nini basi ni mgonjwa?"

"Sijui, nyathina, mtoto wangu. Tangu Jumatatu hata mimi natafuta dhambi yangu."

Omondi alifariki Ijumaa, maji ya Sabato yakiwa yameshachotwa.

Baada ya mazishi nilidhani hatutakanyaga kanisani tena. Mama alivaa gauni lake la bluu, akaenda. Wenzake walipoimba, yeye alifunga mdomo. Yule mama wa kuchunguza boma alipomuuliza kama ameshapatana na Mungu, alimjibu watu wote wakisikia: "Bado. Lakini nikitaka kumuuliza, nitamuulizia wapi kama si kwake? Na kama hayuko, basi mtoto kufa ni kama jani kuanguka tu. Hilo, roho yangu inakataa." Nimesoma vitabu vinene vya kutetea imani tangu wakati huo, na sijakutana na hoja iliyonishika kama ile.

Siku hizi watoto wetu wanajua kila kitu. Wakisikia chira wanacheka. Mwaka jana binti yangu aliniambia, "Mum, hizo ni story za kitambo. Malaria ni mbu tu." Kusema kweli nilifurahi, nikatamani Omondi angezaliwa katika zama hizi za mbu tu. Ila zamani mlango haukukosa watu. Hata wenye maneno makali walikuja na mtungi wa maji kichwani, wakakaa nasi hadi matanga yakaisha. Leo tuna simu.

Juzi yangu ililia. Mjukuu wangu amelazwa Homa Bay na homa haishuki. Binti yangu, yuleyule wa mbu tu, hakunisomea majibu ya maabara. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mum, nimefanya nini?"

Nikamwambia, hakuna ulichofanya, nyathina, niko njiani. Kisha nikaketi kitandani nivae viatu, na kabla sijafunga kamba ya kwanza, nilikuwa nimeshaanza kutafuta nilichofanya mimi.