Mkono wa Chini

Shangazi zangu walikuwa pacha, na zulia moja walilifanya watu wawili, jambo ambalo fundi mwingine angelicheka. Fundi wa kawaida hushika kulabu ndogo juu ya gunia lililowambwa kwenye fremu, na mkono wake wa pili, chini, huisogezea utepe wa sufu, auvute juu kitanzi kwa kitanzi. Wao, Mkubwa alikaa juu na kulabu, Mdogo akajikunja kwenye kigoda chini ya fremu, akilisha tepe walizokata kutoka makoti na masweta ya mitumba. Walikuwa chanda na pete, ingawa waligombana kutwa.

Mdogo alipofariki, Mkubwa aligoma kuhamia kwangu. Kwanza amalize zulia la nguo za marehemu. Nikasema haya, kufa kufaana.

"Koti lake la buluu likiisha, nitakuja," aliniahidi. Nami nilimtaka sana. Nyumba ile ilikuwa baridi, naye alizidi kukonda.

Nilikwenda mchana mmoja, koti limebaki mkono tu. Alikuwa akivuta vitanzi huku akinywa chai. Nilikaa kidogo ndipo nikaona: kulabu mkono wa kulia, kikombe mkono wa kushoto, na utepe unapanda. 

"Shangazi, nani anakulishia huko chini?"

"Kelele, utamchanganya."

"Marehemu tumemzika, shangazi. Asiyekuwapo na lake halipo."

"Nani kakwambia hayupo?"

Sikuinama kutazama. Niiteni mwoga, niko radhi.

Utepe wa buluu ukaisha. Nikashusha pumzi, nikaanza kumfungia virago. Nilipogeuka, amevua sweta alilovaa, anakata mkono wa sweta hilo.

"Uliniahidi!"

"Nilimwahidi yeye kwanza."

Akapitisha utepe chini ya fremu. Ukachukuliwa mkononi mwake taratibu, bila papara, naye akashika kulabu.

Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Sikuweza kuvumilia, nikavua sweta langu, nikamfunika mabega. Akalipapasa kwa vidole viwili, kama afanyavyo mbele ya muuza mitumba.

"Sufu safi hii, mwanangu," akasema, akanyoosha mkono kuchukua mkasi.