Mama Kagua Aacha Gita Dukani

Kwa miaka mingi alisimama kwenye lango la kiwanda cha viatu, akipekua mikoba ya wenzake wanapotoka kazini. Aliwahi kukuta soli ndani ya mkebe wa chakula. Wakambandika jina la Mama Kagua, likamganda mpaka nyumbani, ambako mumewe naye alilitumia, ingawa kwa sauti ya chini.

Mama huyo alipiga gita. Alijifunza ukubwani, na kila jioni alikaa jikoni akipiga huku sufuria ikichemka. Siku nyuzi mbili zilipokatika kwa mpigo, alilifunga kwenye shuka, akaenda nalo duka la vyombo vya muziki.

Fundi, mwanamume mwembamba mwenye miwani, alimvutia kiti, akamletea maji ya kunywa. Mama Kagua akayatazama yale maji bila kuyagusa. Langoni kwake, aliyemchangamkia kupita kiasi ndiye aliyekuwa na kitu mfukoni.

"Niachie tu, mama, upitie kesho."

"Sikuachii. Nitakaa hapa hapa."

"Kuna kazi ya mtu mbele yako."

"Kiti ninacho. Sina haraka."

Fundi akacheka, akalifungua gita. Aliligonga kwa kidole, akamulika tochi ndani ya tundu.

"Nani alikuwekea nyuzi hizi?"

"Kwani vipi?"

"Ni za chuma. Gita hili ni la nyuzi za nailoni. Chuma kinalivuta kuliko nguvu zake. Ona hiki kibao kinachozishika huku chini, kimeanza kubanduka."

Haya, tumefika, Mama Kagua akajisemea. Ataanza na nyuzi, aje kwenye kibao, mwisho aniambie ninunue jipya.

"Mimi nimekuja kwa nyuzi mbili. Hayo mengine sikuyaleta."

"Umeyaleta, mama. Hukujua tu." Akampa tochi na kipande cha karatasi. "Kagua mwenyewe."

Neno hilo lilimgusa pabaya. Aliinama, akaisukuma karatasi chini ya kibao. Ikapita laini, kama inaingia mfukoni. Nyuzi zile aliwekewa na shemeji yake, mume wa dada yake, aliyejiapiza kwamba ujana wake wote uliishia kwenye bendi. Shemeji hakuwahi kupekuliwa, maana ni mtu wa nyumbani.

"Sasa?"

"Gundi kidogo, nilibane lilale hivyo mpaka kesho, halafu nyuzi mpya. Ila hapo lazima uniachie."

Mama Kagua alitoa kalamu kwenye mkoba, akaligeuza gita, akachora alama ndogo chini ya shingo. Fundi alimtazama mpaka akamaliza.

"Hiyo inafutika," akasema, akamsogezea kalamu ya wino mzito. "Tumia hii."

Mama akaitumia.

Kesho yake alifika duka halijafunguliwa. Gita lilikuwa lile lile, alama ipo, kibao kimekaa imara. Fundi alimkabidhi hata nyuzi za zamani, zimeviringishwa vizuri. "Hizi mpya zitalegea siku za mwanzo," akaonya. "Zikisumbua, rudi nizikaze bure."

Hiyo "bure" ilimkosesha raha njia nzima.

Na kweli, hazikupita siku nyingi, sauti ikaanza kupinda. "Nilijua!" akafoka, akatoka na sare yake ya kazi, gita begani. Aliingia dukani akiwa amejaa maneno, na wateja wakageuka kumtazama.

"Ndiyo kulegea kwenyewe, mama," fundi akasema kwa upole. Akamwonyesha namna ya kuvuta uzi polepole kwa kidole gumba, kuukaza, kuusikiliza, kisha kuuvuta tena. Alimwachia mbili za mwisho azikaze mwenyewe. Zikatulia. Masikio ya Mama Kagua yakawaka moto. Alilipakata gita, akapiga kipande kifupi, taratibu, na mteja mmoja akatikisa kichwa kwa kufurahia.

"Mkono mzuri," fundi akasema.

Mama Kagua alimkazia macho amsome kama anamtania. Hakuona kitu.

Jioni ile jikoni, mumewe alisimama mlangoni akisikiliza. "Limekuwa tamu hivi! Nani kalitengeneza?"

"Kuna fundi pale dukani," akajibu. Akapiga tena kidogo kabla ya kuongeza, "Mtu mwema." Neno lilimtoka kwa shida, lakini lilitoka. "Ila shemeji yako akija, asiliguse."

"Shemeji yangu? Si wako huyo?"

"Wa yeyote. Asiliguse."