Kitanda cha Pili

Safari yenyewe ilianzia kwenye kitanda ambacho hakikulaliwa. Mpenzi wangu alikuwa mtandika vyumba katika hoteli moja hapa Dubai, na juma moja walifikia wazee wawili wa Kimarekani, wanaume wote, waliojiandikisha kama marafiki na kuomba chumba chenye vitanda viwili. Kila asubuhi alikuta kitanda kimoja tu ndicho kilichovurugika. Msimamizi wake alikuwa mama mwenye jicho kali aliyependa kuchungulia vyumba kabla havijaguswa, basi mwenzangu akiingia tu anaanza kukivuruga kile cha pili kwa mikono yake, anavuta shuka, anaupiga mto ngumi, ndipo anatandika vyote viwili. Siku ya tatu mzee mmoja alirudi kuchukua miwani akamkuta na mto mkononi. Alichukua miwani yake akatoka. Ila siku ya kuondoka alimpa karatasi iliyoandikwa jina la nyumba ya wageni mjini kwao, jangwani, Arizona. Wenye nyumba hiyo walikuwa wanaume wawili waliooana, na huko, alisema, hakuna atakayekuuliza umelala na nani.

Aliponionyesha karatasi nilimcheka. Marekani yote ile, ina bahari mbili na theluji, yeye achague mchanga? Wa hapa haujamtosha? Akaniambia anataka kuona jangwa ambalo mtu anaweza kutembea ameshikwa mkono. Nikaacha kucheka.

Tulikuwa tukikaa Al Nahda, watu sita chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, mimi juu na yeye chini. Kwa miaka sita wenzetu walitujua kama ndugu, mtoto wa mama mkubwa na mtoto wa mama mdogo. Uongo huo niliutunga mimi na niliuonea fahari. Ulieleza kwa nini majina ya baba zetu hayafanani, kwa nini tunakula sahani moja, kwa nini mmoja akipata homa mwingine anakosa usingizi. Hata kanisani, ambako huku tunasali Ijumaa, tuliombewa kama ndugu. Jina la ndugu lilikuwa limetufunika vizuri, na mimi ni mtu wa kushukuru nikifunikwa.

Mipango tuliifanya bustanini, siku zetu za mapumziko zilipogongana, tumekaa benchi moja na begi katikati. Tuliomba likizo mwezi mmoja, kila mtu kwa mwajiri wake. Alisoma habari za mji ule mpaka akawa ananielekeza mitaa kama mtu aliyezaliwa huko. Kulikuwa na mkahawa ambapo wanaume wazee hucheza dansi Jumapili mchana, na milima inayobadilika rangi jua likishuka. Nyumba ya wageni ilipotujibu, ilitaka kujua jambo moja tu: kitanda kimoja au viwili? Nilimwambia aandike viwili, tusije tukajuta. Aliandika viwili, akaitazama simu kwa muda, akafuta, akaandika kimoja. Mimi nilikuwa nikitazama kama kuna mtu nyuma yetu.

Ikabaki viza. Asubuhi ya mahojiano tulipanda treni ya metro kituo cha Al Qusais tumevaa mashati ya kanisani. Mlangoni pa ubalozi mdogo wa Marekani palikuwa na askari Mkenya, kijana mchangamfu, naye alipoziona pasi zetu akafurahi.

"Wasee wa nyumbani," alisema. "Mnafanana. Mko mabro?"

Nikamjibu kabla mwenzangu hajavuta pumzi. Ndiyo, mama zetu ni mtu na dada yake. Maneno yalitoka yenyewe, kama mtu anavyoitikia hodi.

Yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Nilimwona kwa mgongo tu, ameinamia kioo, anasema polepole. Alirudi bila pasi, maana ukikubaliwa pasi inabaki kwao, na uso wake ulikuwa uso nisioujua. Alikaa kando yangu, hakuweka begi katikati, akaninong'oneza kwamba amewaambia. Alikuwa amemwambia yule mama wa dirishani kwamba anasafiri na mpenzi wake. Hakuwahi kumwambia hivyo kiumbe yeyote.

Kabla sijajibu nikaitwa. Dirisha lile lile, mama yule yule. Aliniuliza kazi yangu, nikasema karani wa ghala. Aliniuliza nasafiri na nani.

"Ndugu yangu," nilisema.

Akatazama kompyuta yake. Akaniuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, kama nina hakika ni ndugu. Nikasema nina hakika. Mara ya tatu aliweka kalamu chini, akanikumbusha kwamba maneno yangu hayatoki nje ya chumba kile. Alikuwa ananifungulia mlango, nami nikaufunga. Nikampa mama mkubwa na mama mdogo, nikampa na babu, nikampa na shule ya msingi tuliyosoma pamoja.

Ningependa kumlaumu yule askari, kwa sababu wakati huo alikuwa ameingia ndani kupanga foleni na alisimama hatua tatu kutoka kwangu. Lakini nadhani ningesema vile vile hata kama chumba kingekuwa kitupu. Mama yule alinirudishia pasi yangu na karatasi ya kukataliwa, na sura yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya kunihurumia, nami nilimchukia kwa hilo.

Kwenye metro mwenzangu aliniuliza swali moja tu, nilisema nini. Nikamwambia. Akageukia dirisha mpaka Al Qusais.

Nilimwambia aende peke yake, nikitumaini atakataa. Alikwenda. Likizo yake ikaisha, hakurudi. Kuna mwanamume mwenye duka la maua huko anayempa mahali pa kukaa. Habari zaidi sikuuliza. Kitanda chake cha chini sasa anakilalia Mganda anayekoroma, na chumbani wananiuliza ndugu yangu anarudi lini. Nasema inshallah.

Alinipigia mara moja, kwao jioni, kwangu asubuhi, niko kwenye basi la kazini. Alisema milima kweli inabadilika rangi. Wenye nyumba ya wageni walikuwa wamempa chumba chenye kitanda kimoja kikubwa, wakamuuliza yule wa pili yuko wapi.

"Uliwaambia nini?" niliuliza.

"Niliwaambia ndugu yangu amekosa viza."

Hakusema kwa kunichoma. Alisema kwa upole, kama anavyosema mambo yote, kisha tukaagana. Mfanyakazi mwenzangu aliyekaa kando yangu aliona nafuta macho, akaniuliza kwa wema tu ni nani aliyepiga.

"Ndugu yangu," nikamjibu.