Petroli Kwenye Lori la Shifu Huang

Siku nyingi za Guangzhou zimeniponyoka, Mwanangu, lakini siku ile tuliyomzimia mtu lori lake barabarani naikumbuka mpaka rangi ya mashuka yaliyoanikwa kwenye madirisha ya juu. Kaa hapo kitandani, viti hakuna. Kesho unapakia mzigo wako wa kwanza, na tangu jana nakusikia ukiuliza nani mwizi na nani si mwizi. Unauliza vizuri. Mji huu asiyeshuku hurudi kwao na maboksi ya viatu vya mguu mmoja. Ila kuna kushuku, na kuna kushuku, na tofauti yake niliijua kwa aibu.

Nilikuwa binti, sijaolewa, nimetoka Kahama kwa mara ya kwanza nikimfuata Mama Salome. Alikuwa jirani yetu, mjane, muuza nguo anayejulikana soko zima, na mama yangu alinikabidhi kwake kwa mikono miwili. Kazi yangu ilikuwa kubeba mifuko, kulinda mzigo, na kuitikia "ndiyo Mama" kila alipovuta pumzi.

Sasa huyo Mama Salome, Mungu amrehemu, alikuwa haamini mtu. Akinunua viatu soko la Zhanxi anafungua boksi la juu, la chini na la katikati, halafu anarudia la juu maana huenda wamelibadilisha alipoinama. Akipewa chai dukani anasubiri mwenye duka anywe kwanza. Mchina akimchekea anasema huyu kashanipiga. Akinuna anasema huyu kuna kitu ananificha. Usimcheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa kweli. Marehemu mumewe alikuwa na Fuso, likafia njiani kwa dizeli iliyochakachuliwa. Mtu wa kituo alichanganya na mafuta ya taa ili apate chake. Injini ikaharibika, mume akabaki hana kazi, na hakupata nyingine mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo Mama Salome alipoona kituo cha mafuta, popote duniani, aliona watu waliomuua mumewe.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka Kangle, kule kwenye vichochoro vya viwanda vya kushonea, tumechukua sweta za shule. Zilikuwa za Januari, shule zinapofunguliwa, na kontena tulilochangia na wenzetu lilikuwa linafungwa jioni ileile. Tukakodi lori dogo, la ukubwa wa kenta. Dereva tulimwita Shifu Huang, maana hapa dereva au fundi yeyote unamwita shifu kwa heshima, utaona. Mtu mwembamba, mpole, mwenye kitambaa begani. Kila akisimama kwenye taa anafuta dashibodi. Lori lilikuwa la mkopo, bado jipya jipya, na juu ya usukani amebandika picha ya kabinti kenye vishungi viwili. Alituonyesha ile picha, akapiga usukani, akaonyesha mdomo wake kama mtu anayekula. Tukaelewa: hili lori ndilo linalomlisha huyu mtoto. Mimi nilicheka naye. Mama Salome akanifinya paja, akasema, "Wanaanzaga na watoto hivyo hivyo."

Njiani akakata kona kuingia kituo cha mafuta. Hapo Mama akakaa wima.

"Kwa nini hakujaza asubuhi? Kwa nini sasa, mzigo wetu ukiwa juu?"

Makubaliano yalikuwa mafuta tunalipa sisi, na hilo ndilo lililomsumbua. Shifu Huang akasimamisha lori, akatufanyia ishara kwamba tumsubiri, anakwenda chooni. Akaenda mbio. Mama akamtazama mgongo wake, akaniambia huyo anakwenda kupanga na wenzake, watatuwekea takataka na tofauti wagawane. Akateremka. Nami nikateremka nyuma yake, kama kawaida.

Binti wa kituo akaja na tabasamu lake. Pampu ilikuwa na namba: sifuri, tisini na mbili, tisini na tano. Binti akatupia jicho lori, akashika mpira wa sifuri. Mama Salome akaupiga kofi mkono wake, si kwa nguvu, kofi la kumzuia mtoto asiguse sufuria.

"Sifuri ndiyo gredi gani?" akaniuliza mimi. "Tangu lini kitu kizuri kikapewa sifuri? Salome akiniletea sifuri kutoka shuleni analala bila kula. Wametuona weusi, wanataka kutupa makapi."

Elewa, Mwanangu, sisi wafanyabiashara tumezoea gredi. Sweta ina gredi, zipu ina gredi, hata soli ya kiatu ina gredi, na ukitaka usipigwe unataja ya juu. Namba zile kwetu zilikuwa maksi. Hatukujua kwamba hapa sifuri ndiyo dizeli yenyewe, na zile tisini ni petroli. Mama akanyoosha kidole kwenye tisini na tano. Binti akasema maneno mengi, akaonyesha maandishi kwenye mfuniko wa tangi. Mama akatikisa kichwa, akapiga kidole palepale, tisini na tano, tisini na tano. Nyuma yetu magari yalikuwa yanapiga honi. Binti akainua mabega, akajaza.

Na mimi? Harufu ilinijia puani. Lori hili tangu asubuhi lilinuka kama malori ya kwetu, moshi mzito wa dizeli, na hii iliyokuwa inaingia ilinuka kama pikipiki ya kaka yangu. Nikasema kwa sauti ya chini, "Mama, tumsubiri shifu." Akanigeukia.

"Umekuja kubeba mifuko au kunifundisha?"

Nikanyamaza. Nilifunzwa hivyo nyumbani, mkubwa akishasema neno limekwisha. Shifu Huang akarudi akikausha mikono kwenye suruali, akakuta mfuniko umefungwa na sisi tumeshapanda. Akashukuru kwa kichwa, akaondoa lori.

Hatukwenda mbali. Kwanza injini ikaanza kugonga, halafu ikakosa nguvu kwenye kilima cha daraja, halafu ikazima. Akaiwasha, ikakohoa, ikatembea kidogo, ikazima tena. Akafaulu kulisogeza pembeni. Mama Salome akawa anasema peke yake, "Si nilisema? Anatuchelewesha makusudi. Kontena likifungwa atatuletea shemeji yake mwenye lori la bei kubwa." Akampiga mkono ulioshika usukani, awashe, awashe. Shifu Huang jasho linamtoka, akaweka mkono kwenye ufunguo, akasita. Akashuka, akafungua mfuniko wa tangi, akanusa.

Nilikuwa namtazama usoni. Alinusa mara ya pili, akageuka kutazama kule tulikotoka, akaanza kupiga kelele kwenye simu. Sikuhitaji kujua Kichina kuelewa. Aliona ametiliwa uchafu kituoni, anataka kurudi kuwashika. Akarudi ndani, akashika ufunguo ili ajaribu kuliwasha alirudishe. Na Mama Salome, aliyekuwa hajanyamaza tangu Kangle, akanyamaza. Akatazama mbele, mikono juu ya mkoba. Nikamshuku. Ndiyo, nikamshuku mama yule aliyenilea safari nzima.

Kichina changu kilikuwa cha namba tu, kile cha kupatania bei. Kikatosha. Nikamshika Shifu Huang mkono wa ufunguo, nikasema kwa Kichina changu kibovu: sisi, tisini na tano. Nikajionyesha kifuani, nikaonyesha na kiti cha Mama. Sisi.

Akanitazama mimi, akamtazama yeye. Kisha akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akashuka. Akaenda mbali na lori, mbali kabisa, akawasha sigara na kuchuchumaa, ametugeuzia mgongo.

"Umemwambia nini?" Mama akaniuliza.

"Nimemwambia tumekosea, Mama."

"Nani amekosea?"

"Sisi."

Mama akapanda nyuma, akaketi juu ya mabelo ya sweta, akajifunika kitenge kichwani mchana kweupe.

Fundi aliyeitwa na Shifu Huang kwa simu alivuta lile lori kwa kamba mpaka kwake. Akamwaga mafuta yote, akabadilisha chujio, akasafisha mabomba. Aliliwasha likatoa moshi, likatetemeka, likatulia. Kwa ishara alituonyesha kwamba pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, ukiipa petroli inajisaga kama meno makavu, na mtu akiendelea kuwasha na kuwasha ndipo anaiua. Shifu Huang alilia, lakini alilia akiwa anacheka. Sweta hazikuwahi kontena. Zilifika kwetu watoto wameshanunua kwa wengine, na Mama Salome akaziuza mwaka mzima mojamoja.

Siku zilizofuata hakunisemesha ila kwa kazi. Shika hiki, lete kile. Nikajua nikirudi Kahama nimekwisha, atamwambia mama yangu nimemvua nguo mbele ya wageni. Jumapili tulipotoka kusali akaniita niketi mbele yake, hapohapo kitandani, chumba kama hiki.

Akasema, "Mimi nilijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Alipofungua mfuniko harufu ilinifikia. Nimelala na dereva miaka yote ile, nisijue petroli? Nilijua ni mkono wangu. Nikasema moyoni, mwache awashe, likifa tutasema lilikuwa bovu. Yale waliyomfanyia mume wangu, mimi nilikuwa namfanyia baba wa yule mtoto, na nilikuwa nimekaa kimya."

Nikaanza kumwomba radhi. Akanikata kauli kwa ukali wake uleule.

"Radhi utaniomba, lakini si kwa ulichosema. Utaniomba kwa ulichonyamaza. Pale kituoni ulinusa, nilikuona ukinusa. Ukaniacha nijaze. Heshima gani hiyo, ya kumwacha mama yako aingie shimoni kwa sababu amekukemea? Nilikukemea, ndiyo. Ungesema tena. Ningekupiga, ungesema tena."

Nililia, Mwanangu. Nilijua kumjibu mkubwa ni kosa. Sikujua kwamba kumtii nako kunaweza kuwa kosa. Tangu siku hiyo kila alipoanza kumshuku mtu alinigeukia na kuuliza, "Haya, tumekosea wapi sisi?" Nusu ya safari tuliona hatujakosea, yule mtu ni mwizi kweli, na tukaondoka dukani kwake. Nusu nyingine tukaomba samahani.

Basi sikia ninayokuambia, na usiyasikie kwa sikio moja. Kesho mshuku dereva, mshuku mwenye duka, fungua boksi la chini, sikukatazi. Waliosema umdhaniaye ndiye kumbe siye hawakusema usidhani. Lakini kabla hujamnyooshea mtu kidole, jiulize mkono wako umegusa nini asubuhi ile. Nyani haoni kundule, ila wewe si nyani, una mtu wa kukuambia. Usilolijua liulize, hata kwa ishara, hata watu wakipiga honi nyuma yako; kuuliza si ujinga. Kitu cha mtu kinachomlishia mwanawe kikiwa mkononi mwako, usikifanyie ubishi. Na ukiniona mimi nakosea, mimi niliyekukalisha hapa na kukusimulia, usiitikie ndiyo Mama. Sema. Nikikufokea, sema tena, kwa adabu, lakini sema.

Nenda ukalale. Mungu akulinde na mikono ya watu, na awalinde watu na mikono yako. Akujalie wakubwa wanaokubali kuambiwa, na siku ukiwa mkubwa akupe masikio ya kuambiwa na wadogo. Mzigo wako ufike salama, na jina lako lifike kabla yake.